Thamostati ya Masjala

Ukitaka kujua upweke wa mtu usimuulize, atakudanganya. Mtazame anavyopokea simu. Fundi wa viyoyozi wa jengo lile la ghorofa nne alikuwa akiinyakua ya kwake kabla mlio wa kwanza haujaisha, kisha anajikaza, anakohoa kidogo na kusema, "Karakana," kwa sauti ya mtu aliyekatizwa shughuli nzito. Shughuli yenyewe haikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki huko chini, katika chumba kisicho na dirisha, katikati ya mapanga ya feni na vichujio vilivyooshwa na kuanikwa, akiikodolea macho hiyo simu tangu asubuhi.

Watu wa jengo walimwita Mzee Ngazi. Hakuwa mzee kihivyo, miaka hamsini na minane tu, lakini ngazi alikuwa nayo kweli, ya aluminiamu, begani kutwa nzima, na watu wa ofisini, tuseme ukweli, huiona ngazi wakamsahau aliyeibeba. Wanaipisha ngazi kwenye korido. Wanaiuliza ngazi, "Utamaliza saa ngapi hapa?" Akimaliza wanafunga mlango. Salamu ni kitu cha bure kabisa na bado watu wanaibania.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimpigia. Wengine walipeleka malalamiko yao kwa msimamizi wa jengo, na msimamizi akamwandikia fundi kwenye kikaratasi. Huyu mmoja alipiga mwenyewe.

"Fundi, nimeganda huku. Njoo."

"Nakuja, dada."

Alikuwa mtunza masjala wa ghorofa ya tatu, mama wa miaka hamsini na ushee, na jengo zima lilimwita Mama Faili. Karatasi yoyote iliyoingia pale ilipita mikononi mwake, ikagongwa muhuri, ikatobolewa na kuwekwa mahali ambapo yeye angeipata hata baada ya miaka kumi, na mwingine asingeipata hata kwa mbwa wa polisi. Chumba chake kilikuwa kirefu na chembamba, makabati ya chuma huku na huku, na tundu la kiyoyozi lilikuwa juu ya utosi wake hasa. Nje jua linawaka hasa. Yeye ndani amevaa sweta, juu ya sweta amejitanda shali, na vidole anavipulizia kwanza ndipo ashike kalamu.

Ukutani, karibu na swichi ya taa, palikuwa na thamostati, yaani kile kisanduku kidogo kinachoiamrisha mashine ya kupoza iwake au ipumzike. Ya Mama Faili ilikuwa ya zamani, na gurudumu dogo la kuchagulia nyuzi za joto ambalo namba zake zilikwisha kufutika. Fundi akifika anaegemeza ngazi, anachomoa bisibisi mfukoni, anafungua kifuniko, anapuliza vumbi, anagusa hiki, anagusa kile, anasogeza gurudumu kidogo. Kisha anafunga na kusema, "Haya, sikilizia."

Baada ya dakika mbili Mama Faili anashusha pumzi. "Afadhali. Mkono wako una dawa, fundi."

Halafu chai. Mama Faili alikuwa na birika la umeme nyuma ya kabati la mwisho, kinyume cha kanuni zote za jengo, na fundi alikuwa mtu pekee aliyelijua na kulinyamazia. Walikunywa wamesimama. Mama Faili alimweleza habari za mdogo wake aliyeolewa na mwanamume anayelala mpaka saa nne, na za wakubwa waliokuja kuomba faili huku wamesahau wanatafuta nini. Fundi alimweleza habari za mkewe, aliyefariki mwaka mmoja kabla yeye hajaajiriwa pale, na za binti yake aliyeolewa mbali, anayepiga simu akikumbuka, na kukumbuka kwenyewe ni kwa msimu. Robo saa hivi. Kwa siku nyingine nyingi, hiyo robo saa ndiyo mazungumzo yote aliyokuwa nayo kutoka kuamka hadi kulala.

Mwisho alijaza hati ya kazi, maana bila hati msimamizi angemuuliza saa zake zimekwenda wapi. Tarehe. Chumba. Kazi iliyofanyika: *Thamostati imerekebishwa. Inafanya kazi.* Sahihi. Nakala nyeupe kwa msimamizi, ya njano inabaki masjala. Mama Faili anaigonga muhuri na kuitia kwenye boksi la matengenezo la mwaka huo pamoja na hati za jengo zima. Wakaenda hivyo miaka kumi na mmoja.

Sasa nikwambie, na usimhukumu kabla sijamaliza. Kisanduku kile hakikuwa na waya hata mmoja.

Fundi aliligundua hilo siku ya kwanza kabisa alipokifungua. Nyuma palikuwa na tundu ukutani, limezibwa kwa lipu. Alipokuwa anageuka ili aseme, "Dada, hiki kimekufa," kidole chake kilikuwa kimegusa gurudumu, na yule mama, ambaye hata jina lake alikuwa bado hajalijua, akasema, "Ahsante sana, nasikia nafuu tayari." Mtu akikushukuru namna hiyo, na ni miezi umekaa bila kushukuriwa na yeyote, unameza maneno yako. Akayameza.

Wiki ya tatu alipanda juu ya dari kutazama kulikoni. Akaelewa yote kwa dakika kumi, maana kazi yake aliijua. Zamani ghorofa ile ilikuwa ukumbi mmoja. Walipoweka kuta za mbao kuugawa, mashine ya kupoza iliyokuwa juu ya masjala ilibaki na nyaya zake hewani, na fundi wa wakati huo, ama mvivu ama kakimbizwa na mabosi, badala ya kuzishusha kwenye ukuta mpya alizisokota pamoja na nyaya za mashine ya chumba jirani. Chumba jirani kina watu kumi na wanane, kompyuta kumi na nane, na madirisha yanayopigwa na jua la alasiri. Thamostati yao inaomba baridi kutwa. Ikiomba, mashine zote mbili zinaitika. Wale kumi na wanane wanaona hali ya hewa nzuri, na Mama Faili peke yake upande wa pili wa ukuta anageuzwa samaki wa friji.

Kuzitenganisha nyaya na kuzishusha kwenye kisanduku ilikuwa kazi ya nusu siku. Fundi alishuka kwenda kuchukua vifaa. Chini ya ngazi alimkuta Mama Faili amemshikia kikombe cha chai.

"Hiki nimekununulia wewe," alisema. "Siyo cha ofisi. Ukija utakuta kipo."

Akanywa, na akiwa anakunywa akapiga hesabu mbaya kuliko zote alizowahi kupiga. Nikiitengeneza leo, kesho ataniitia nini? Akajiambia atatengeneza wiki ijayo. Ile wiki ijayo ndiyo hiyo yenye miaka kumi na mmoja.

Hakuwa mtu mwovu. Mwaka wa sita bega la kulia la Mama Faili lilianza kuuma, daktari akamwambia ajiepushe na baridi, na fundi siku hiyo hakulala vizuri. Kesho yake alimletea dawa ya kuchua, chupa kubwa, kwa pesa yake mwenyewe. Wahenga walisema panya huuma akipuliza. Mama Faili alishukuru mpaka akatokwa na machozi, na fundi alishuka karakana akakaa na taa imezimwa.

Basi Jumatatu moja msimamizi akamletea boksi. "Mzee Ngazi, thamostati mpya kumi na mbili. Zote za zamani zitoke ukutani kufikia Ijumaa. Hizi zina kioo, zinaonyesha namba. Ukimaliza nitapita kila chumba nione zinawaka."

Thamostati mpya ni kiumbe mwingine kabisa. Ile ya zamani yenye gurudumu haikuhitaji umeme wa kujilisha. Kazi yake ilikuwa kuunganisha na kuachia tu, kama mlango. Hii mpya ina uso wa kioo na uso huo unataka kula. Kwa hiyo nyaya tatu za zamani hazikutosha. Ule wa R unaleta umeme kutoka kwenye transfoma, wa G unaamrisha feni, wa Y unaamrisha baridi, na sasa alihitajika wa nne, wa C, njia ya kuurudisha umeme ulikotoka, ili kioo kiwake muda wote. Bahati nzuri waliojenga walikuwa wameupitisha waya huo wa nne katika vyumba vyote, wakaukunja nyuma ya ukuta bila kuutumia.

Fundi alianza ghorofa ya kwanza. Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote anakata vipande vya tepu nyeupe, anaandika herufi, na kila waya anauvisha herufi ya tundu ulimotoka. Haangalii rangi. Rangi zinadanganya, maana fundi akiishiwa waya wa njano huvuta wa buluu na kwenda zake. Herufi ya tundu haibadiliki. Kumi na moja alizifunga hivyo, safi, kila kioo kikawaka, na kwenye vyumba vyote kumi na kimoja watu wakasema wao wanataka ishirini na mbili, wengine ishirini na tano, wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Yeye akabeba ngazi yake akaondoka.

Ya masjala aliibakiza mwisho. Kioo kile kilikuwa kimemkaba. Kisanduku chenye gurudumu kinaweza kukaa ukutani bila waya na hakuna atakayejua, lakini kioo bila waya kitakaa cheusi, na msimamizi atauliza, na Mama Faili pia atauliza. Njia ya haki ilikuwa moja na aliijua, nusu siku juu ya dari. Ila ndani ya kila pakiti, kwa ajili ya nyumba zisizokuwa na waya wa C, watengenezaji walikuwa wameweka betri ndogo mbili.

Alizikalia betri hizo siku nzima ya Jumatano. Alizichezea mkononi karakana. Akizitia, kioo kitawaka, namba zitaonekana, msimamizi ataweka alama ya vema, na Mama Faili atabaki na baridi yake na simu yake. Akishusha nyaya, Mama Faili atapata joto lake, atabonyeza mwenyewe kidole kimoja, na ile simu ya karakana itakuwa pambo.

Alhamisi mchana akapanda na betri.

"Kumbe inasema na nyuzi," Mama Faili alifurahi, akasimama kuitazama kwa karibu, mkono mmoja umeshika bega. "Kumi na saba. Ndiyo maana nakufa. Na mimi nikitaka ishirini na nne?"

"Bonyeza hapa, dada. Kile cha mshale wa juu."

Akabonyeza mpaka ikafika. Chini ya ishirini na nne yake ikabaki kumi na saba, kwa tarakimu ndogo.

"Itachukua muda," fundi alisema, na alipokuwa anayasema hayo aliitazama ngazi, hakumtazama yeye.

Jioni hiyo alipika chumbani kwake, akala kwenye sufuria maana wa kumwona hayupo. Akajikuta anafurahi. Kesho ataniita, aliwaza. Halafu akaionea aibu furaha yake, akaacha kula, akafunika sufuria na chakula ndani.

Kosa lake lilikuwa hili: alifikiri kifundi. Alisahau anadili na mtu wa masjala. Fundi ukimwonyesha namba ataitazama, mhasibu ataijumlisha, lakini mtunza masjala ataiandika, ataiwekea tarehe, na ataitafutia namba mwenzake wa kulala naye kwenye faili.

Ijumaa saa tano simu ililia. Akainyakua.

"Fundi. Njoo."

Hakusema ameganda. Fundi aliliona hilo akiwa bado amekishika kikono cha simu, akapanda polepole.

Juu ya meza ya Mama Faili palikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni karatasi iliyopigwa mistari kwa rula, upande wa kushoto saa, upande wa kulia nyuzi. Saa tisa alasiri, kumi na saba. Saa kumi, kumi na saba. Saa mbili asubuhi, kumi na saba. Saa tatu, kumi na saba. Cha pili kilikuwa rundo la karatasi za njano, refu, limefungwa kwa kamba, na sakafuni maboksi kumi na moja yamefunguliwa.

"Nilianza saa mbili na nusu," Mama Faili alisema. Sauti ilikuwa ya kawaida, ile ya kumwambia mtu faili lake halijarudi. "Nimezitoa zote za chumba hiki. Mia tano na sita. Nimehesabu mara mbili. Soma hiyo ya juu."

"Dada..."

"Soma."

"Thamostati imerekebishwa. Inafanya kazi."

"Na hiyo ya katikati. Vuta yoyote."

Akavuta. Hakukuwa na haja ya kuisoma, mwandiko ni wake.

"Nimezigonga muhuri kwa mkono wangu mwenyewe, moja moja," Mama Faili alisema. "Sikuwahi kuziweka pamoja. Moja moja zilikuwa na akili. Unajua nilikuwa nasema nini nikienda nyumbani? Nilikuwa nasema maskini fundi wa watu, wamempa mtambo mbovu na bado hachoki kuja. Nilikuwa nakuonea huruma mimi." Akakielekezea kalamu kile kisanduku kipya. "Kitoe ukutani."

Fundi alikitoa. Hakikuwa na skrubu nyingi. Nyuma yake palikuwa na ukuta mweupe, na lile tundu lililozibwa, kavu.

"Nyaya ziko wapi?"

"Juu ya dari."

"Umejua lini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva, wa kusema nimejua jana nilipofunga hii mpya. Angeweza kuusema. Lakini alitazama lile rundo la njano na akaona amekwisha kuandika uongo wa kutosha maisha mawili.

"Wiki ya tatu."

"Ya mwezi huu?"

"Wiki ya tatu tangu niajiriwe."

Mama Faili aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeelekezwa njia. "Na kuzishusha ni kazi ya muda gani?"

"Nusu siku."

Fundi alingoja matusi. Angeyapokea kwa mikono miwili, yangekuwa nafuu. Mama Faili alishika bega lake la kulia kwa mkono wa kushoto, akakaa hivyo, macho yako kwenye ile karatasi ya mistari. Mwisho akasema, "Basi panda."

Akapanda. Alizima umeme kwenye boksi la korido, akasogeza ubao wa dari, akaingiza kichwa na mabega. Ule msokoto wa nyaya ulikuwa palepale, umefungwa tepu nyeusi iliyoanza kuyeyuka. Siku zote akipanda kutoa kichujio Mama Faili alikuwa akimshikia tochi kutoka chini. Leo aliiuma kwa meno. Alizifungua nyaya moja moja, za chumba jirani kushoto, za masjala kulia, akazivisha herufi. Yule fundi wa zamani alikuwa ametumia wa buluu pale pa njano, na fundi wetu, kwa mazoea, akaanza kueleza kwa sauti.

"Hapa mtu angefuata rangi angeunguza transfoma. Huu ndio wa R, unaoleta. Huu C, unarudisha. Mashine hii ilikuwa inasikiliza amri za chumba kingine, dada. Haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa haisikii huku tu."

Chini ilisikika kalamu tu. Akaacha kueleza.

Alitoboa lile tundu upya, akashusha nyaya nne mpya ndani ya ukuta wa mbao, akazivuta kwa chini, akazimenya ncha, akaingiza kila herufi kwenye tundu lake. Akazitoa zile betri mbili na kuzitia mfukoni. Aliporudisha umeme kioo kiliwaka chenyewe, na juu ya dari mashine ikashusha pumzi na kunyamaza. Upepo ukakatika. Fundi hakuwahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya. Saa nane na nusu kioo kilisema kumi na nane. Baadaye kikasema ishirini. Mama Faili aliziandika zote mbili kwenye mstari wake.

"Dada," fundi alisema. "Niliogopa. Niliona nikiitengeneza hutaniita tena. Sina pengine pa kuitwa."

Ndipo Mama Faili alipomtazama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na macho yalikuwa yameiva.

"Ungekuja tu," alisema. "Mlango huu mchana kutwa uko wazi. Ungepanda ukasema, mama, nimekuja kunywa chai. Nani angekufukuza? Unadhani mimi nilikuwa na msururu wa wageni humu ndani? Nilikuwa namsubiri nani mimi, na birika la kificho nyuma ya kabati?" Akapangusa uso kwa ncha ya shali. "Umeniweka kwenye baridi miaka kumi na mmoja kwa kitu ambacho ningekupa bure."

Kisha akamsogezea kitabu cha hati. "Andika ya leo."

Fundi aliandika tarehe, na chumba. Kwenye kazi iliyofanyika mkono ulisita, halafu akaandika: *Nyaya zimeunganishwa.* Mama Faili akaigonga muhuri.

Wiki iliyofuata simu haikulia Jumatatu, wala Jumanne, wala Jumatano. Fundi aliinua kikono mara mbili kuhakikisha haijakatika, na ilikuwa inavuma vizuri tu. Alijiambia amwache apoe. Alijiambia mwanamke yule si wa kinyongo. Alijiambia mengi, chumba kile cha chini hakina wa kumbishia.

Alhamisi akapanda. Aliiacha ngazi karakana, akaacha na bisibisi, akavaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi. Kwenye korido ya ghorofa ya tatu watu wawili aliowafungia viyoyozi kwa miaka kumi walimsimamisha kwa adabu, wakamuuliza anamtafuta nani.

Masjala kulikuwa na joto zuri. Mama Faili alikuwa mezani, bila sweta, na fundi aliona kwa mshangao kwamba ni mwembamba kuliko alivyomdhania miaka yote ile. Alibisha mlango uliokuwa wazi.

"Kuna kitu kimeharibika?" Mama Faili aliuliza.

"Hapana, dada. Nimekuja..." Mikono hakujua aiweke wapi. "Nimekuja tu. Kukujulia hali."

"Mzima."

"Na bega?"

"Lipo. Daktari anasema hilo sasa ni langu, nizoeane nalo."

Nyuma ya kabati la mwisho birika lilikuwa linachemka, alilisikia, na Mama Faili naye alijua kwamba analisikia.

"Nisamehe, dada."

Mama Faili aligonga muhuri kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake, akaipuliza wino ukauke, akaiweka pembeni.

"Nimesikia, fundi."

Alisimama pale mlangoni kungoja neno la pili. Birika likajizima lenyewe. Mama Faili alivuta faili jingine, akalamba kidole, akaanza kuhesabu kurasa.